Kwa nini neno ‘shujaa’ latosha kumwita ‘superhero’

JUMAMOSI iliyopita nilipanda matatu Kangemi pamoja na mjukuu wangu, tukaelekea katikati ya jiji la Nairobi kutafuta vitabu vya vibonzo. Mjukuu huyu wa Gredi ya Sita ni mraibu wa Batman, Black Panther na wenzao. Kabla hatujafika Westlands, alinitolea daftari lake la insha. Alikuwa ameandika kuhusu mhusika anayempenda, na kila palipokuwa na ‘superhero’, mwalimu alikuwa amepiga mstari mwekundu na kuandika pembeni: “Tumia Kiswahili.” Neno lenyewe la Kiswahili hakupewa.

“Guka, si wewe ni profesa wa Kiswahili? Superhero anaitwaje?”

“Shujaa,” nikamjibu.

“Zii, Guka. Shujaa ni wale wa Mashujaa Dei. Hao hawapai.”

Abiria wa kiti cha mbele alicheka. Nami nilicheka, lakini swali halikunitoka akilini. Mtoto akiona kwamba lugha haiwezi kutaja kitu anachokipenda, ataiacha lugha, si kile kitu.

Mimi si mgeni wa mambo haya. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, tukiwa wavulana, tulipokezana jarida la African Film hadi kurasa zikachanika. Humo alikuwamo Lance Spearman, mpelelezi Mwafrika ambaye visa vyake vilisimuliwa kwa picha za kamera badala ya michoro. Mhusika wa aina hiyo tulimwita ‘stelingi’, na kanuni yetu ilikuwa moja: stelingi hafi.

Sasa tuyapime maneno tuliyo nayo. Shujaa tumelipata kutoka Kiarabu, na maana yake ni mtu jasiri. Halisemi lolote kuhusu misuli wala kupaa. Jagina hutaja sifa na umaarufu. Ndiyo maana kurasa za michezo zimejaa majagina wa soka. Nguli naye ni aliyebobea na kuvuma katika fani yake. Jabari ni mwenye nguvu na enzi, lakini kwa kuwa asili yake ni sifa ya Mungu, kumvisha mtu wa kuchorwa kwa wino kungewakera wengi. Jitu nalo hututisha tu. Kuna atakayependekeza ‘shujaa mkuu’ au ‘supashujaa’, ati kwa sababu Kiingereza kina ‘super’ mbele.

Lakini je, hiyo ‘super’ inafanya kazi gani? Superman, aliyetokea mara ya kwanza mwaka 1938, kweli hupaa. Batman, aliyemfuata mwaka 1939, hana nguvu zozote za ajabu. Ana mazoezi, akili na pesa. Katika mfululizo mpya wa Absolute Batman, ulioanza mwaka 2024 chini ya mwandishi Scott Snyder na mchoraji Nick Dragotta, hata huo utajiri amenyang’anywa. Bado anaitwa ‘superhero’. Kwa upande mwingine, Jenerali Zod, adui wa Superman, ana nguvu zile zile za Superman, na hakuna anayemwita hivyo. Basi kinachowatenganisha ni kile wanachothubutu kufanya na kwa ajili ya nani. Hicho ndicho Kiswahili hukiita ushujaa.

Fasihi yetu ililijua jambo hili zamani. Fumo Liyongo wa pwani ya kaskazini hakudhuriwa na silaha yoyote ila sindano ya shaba ikimpata kitovuni, na mwanawe wa kumzaa ndiye aliyemdunga akiwa usingizini. Luanda Magere wa Waluo alikuwa na mwili usiopenywa na mkuki, mpaka mke aliyepewa na maadui alipogundua kwamba uhai wake umo kivulini. Nguvu za ajabu wanazo, tena na siri ya udhaifu, sawa na Superman na jiwe lake la kryptonite. Tofauti ni kwamba stelingi wetu hawa hufa, na hufa kwa kusalitiwa na mtu wa nyumbani. Hata hivyo hakuna aliyehitaji kiambishi cha kigeni ili kuwaita mashujaa.

Mjini, kwa muuza vitabu vikuukuu, tulipata toleo moja la X-Men lenye Storm, mwanamke anayeamrisha mvua na radi. Aliumbwa na Len Wein na Dave Cockrum mwaka 1975. Mamake, N’Daré, anasemekana kuwa binti mfalme kutoka Kenya, na jina lake mwenyewe ni Ororo. Vibonzo hutuambia maana yake ni urembo. Mzungumzaji wa Kiswahili atasikia jambo jingine: ngozi nyororo, mkono mwororo, yaani laini. Halafu kuna kile kibainishi. Katika neno ng’ombe kina kazi, kwani hutenga sauti ya ng’ na ile ya ng katika ngoma. Katika N’Daré, M’Baku na T’Challa ni pambo la kuonyesha Uafrika. Wenzetu wanachota majina kwetu bila kuichota lugha.

Tusiwalaumu sana, maana sisi wenyewe tumeanza tukalegea. Miaka ya themanini tulikuwa na Pichadithi, vitabu vilivyosimulia ngano zetu kwa michoro, na jina lenyewe ni uhulutishaji safi wa picha na hadithi. Mwaka 2010 likaja Shujaaz, kibonzo cha Sheng kilichosambazwa bure ndani ya gazeti la kila siku, kikashinda tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012. Shujaa wake, Boyie, ni kijana anayeendesha redio kwa siri kutoka chumbani. Hapai. Ninalonung’unikia ni ile ‘z’ ya wingi, ilhali ma- ya mashujaa ilikuwepo.

Tukirudi stejini tulipita Mtaa wa Kimathi. Mvulana akaitazama sanamu ya Dedan Kimathi, bunduki mkononi.

“Kwa hivyo Batman na huyu ni neno moja?”

“Neno moja. Ila huyu alinyongwa kikweli, mwaka 1957.”

Akanyamaza kidogo. “Basi Batman ndiye amebahatika kuitwa hivyo.”

Kwa watafsiri na waandishi, pendekezo langu ni rahisi. Pale nguvu za mhusika zinapohitaji kutajwa, andikeni ‘shujaa mwenye nguvu za ajabu’ mara ya kwanza, kisha ‘shujaa’ hadi mwisho. Na kwa walimu wenzangu: kalamu nyekundu ikikata neno la mtoto, imwandikie jingine kando yake.