Kachero wa kwenye sinema na shushushu wa Durban

Na Mwandishi Wetu, Durban

Wapenzi wa sinema za zamani wataikumbuka The FBI Story, iliyotoka Marekani mwaka 1959. James Stewart anacheza kama Chip Hardesty, kachero wa serikali kuu, na Vera Miles ni mkewe. Ni sinema ndefu ya dakika 149, na ndani yake kachero huyo anapambana na kila adui wa zama zake: Ku Klux Klan, wauaji wa Wahindi Wekundu wa Oklahoma waliokuwa na visima vya mafuta, majambazi wa aina ya Dillinger, wapelelezi wa Hitler, na mwisho majasusi wa Kikomunisti jijini New York. Nyumbani mke analalamika kuhamishwa hamishwa, na mtoto wao wa kiume anakufa vitani Iwo Jima. Kazi inaendelea.

Tumeitazama tena, na hatukatai kwamba inanoga. Stewart alikuwa fundi. Lakini msomaji ajue ilivyopikwa. Bosi wa FBI, J. Edgar Hoover, aliyekalia kiti hicho tangu 1924 hadi alipofariki 1972, alikuwa na kauli juu ya kila kitu, na mwenyewe anaonekana ndani ya picha. Kwa hiyo kachero huyu hakosei na haonei mtu. Zile njama za siri za kuvuruga vyama na viongozi, zilizoanza 1956 na baadaye kumwandama hata Martin Luther King, hazimo. Ni sawa na mtu kujiandikia mwenyewe barua ya sifa.

Sasa tuje Durban. Miaka mitatu tu baada ya sinema ile, mji huu ulikuwa na mtumishi wake wa serikali ya Marekani, ambaye hakuna aliyemtengenezea filamu. Jina lake Donald Rickard. Kwenye karatasi alikuwa makamu wa konseli wa Marekani hapa Durban. Kazi yake hasa ilikuwa CIA. (Tusichanganye mambo: FBI ni wa ndani ya Marekani, CIA ni wa nje. Mwajiri ni mmoja.)

Nelson Mandela alikuwa ametoka nje ya Afrika Kusini kwa siri Januari 1962. Alipita Bechuanaland, akatua Mbeya, na katika kitabu chake anasimulia mshangao wake kuona weusi na weupe wamekaa pamoja hotelini. Dar es Salaam alionana na Mwalimu Nyerere, ambaye alimshauri mapambano ya silaha yasubiri hadi Sobukwe atoke jela. Mandela hakulipenda jibu hilo. Akaendelea hadi Ethiopia, alikopata mafunzo ya kijeshi na bastola.

Aliporudi nyumbani alishuka hadi Natal kumweleza Chifu Luthuli, kule Groutville, yaliyojiri safarini. Jumamosi usiku akala na wenzake nyumbani kwa mpiga picha mmoja mjini Durban. Jumapili, Agosti 5, 1962, akaanza safari ya kurudi Johannesburg na Cecil Williams, akiwa amevaa koti la dereva na kujiita David Motsamayi. Karibu na Howick gari la polisi likawapita na kuwasimamisha. Sajini hakudanganyika na jina lile.

Nani alichoma? Kwa miaka mingi yalikuwa maneno ya barazani. Mwaka 1990, Mandela alipofunguliwa, magazeti ya Marekani yaliandika kwamba ni mkono wa CIA. Halafu mwaka 2016 Rickard mwenyewe, mzee aliyestaafu, akamwambia mwongozaji wa filamu Mwingereza, John Irvin, aliyekuwa akitengeneza Mandela's Gun, kwamba ni yeye aliyejua Mandela anapita lini na kwa njia gani, na ni yeye aliyewatonya Makaburu. Hakujuta. Kwake Mandela alikuwa kibaraka wa Moscow, Natal ilikuwa inachemka, na ilibidi azuiwe. Alifariki wiki mbili baada ya mazungumzo hayo.

Hapo ndipo tunapotofautiana na wanaoshangilia kwamba fumbo limefumbuliwa. Rickard hakusema habari alizipata kwa nani. Mtu wa tatu lazima alikuwepo: aliyekuwa karibu kiasi cha kujua gari, siku na njia. Mandela mwenyewe aliandika kwamba hakuwa mwangalifu, kwamba watu wengi walijua yupo Durban, na hakutaka kuwabebesha CIA lawama. Mzee akikiri akiwa karibu na kaburi, ushahidi wake una uzito, ila haujazi pengo hilo. Anaweza pia kuwa anajikweza.

Wasomaji wetu wa Pwani watatukumbusha kwamba FBI wenyewe pia waliwahi kufika nchi hii. Oktoba 5, 1999, kijana wa Zanzibar, Khalfan Khamis Mohamed, alikamatwa Cape Town kwa mlipuko wa ubalozi wa Marekani Dar es Salaam wa Agosti 7, 1998, na ndani ya siku chache makachero wa FBI wakawa wameshaondoka naye. Mei 28, 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikaamua kwamba kumkabidhi bila ahadi ya kutonyongwa kulivunja katiba. Hukumu ikapelekwa New York. Alipata kifungo cha maisha. Damu iliyomwagika Dar na Nairobi haina mjadala. Mjadala ni majaji wale waliosema hata mtuhumiwa wa namna hiyo ana haki zake. Hollywood haijaigusa hadithi hiyo, nasi tungelipa tiketi kuiona.

Howick, mwendo wa saa moja na ushei kutoka hapa, palizinduliwa mnara Agosti 2012: nguzo 50 za chuma kando ya barabara. Ukizikaribia ovyo unaona vyuma tu. Ukisimama mahali pamoja maalumu, sura ya Mandela inajitokeza. Kuhusu yule aliyempa Rickard habari, mpaka leo hakuna nguzo iliyopangwa. Mjukuu wa Mandela, Mandla, aliitaka Marekani mwaka 2016 ieleze yote. Kama majina yameandikwa mahali, yako Washington.