NYUMBA NJEMA SI MLANGO: Aliyenusurika mafuriko hahitaji kuta peke yake

Ndugu msomaji, hebu jiweke kule Kibugu, kaskazini mwa mji wa Embu, jioni moja ya mwezi wa Aprili. Mvua ya masika imenyesha tangu adhuhuri. Ukitazama juu unaona majani chai yakipanda kuelekea msitu wa Mlima Kenya, na chini unaona mibuni. Watoto wanaota moto jikoni, nyanya anachambua maharagwe, na nje maji yanateremka mitaroni kwa kishindo. Hakuna anayeshtuka. Maji ya mlimani hayakai, hupita yakaenda zake.

Lakini je, umewahi kujiuliza yanakokwenda? Mito ya upande huu, kama Rupingazi, huteremka hadi Mto Thiba, na Thiba humwaga maji yake katika bwawa la Kamburu. Hilo ni mojawapo ya mabwawa matano ya Mto Tana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mabwawa hayo yakijaa pomoni, maji hufurika na kushika njia ya Garissa, Hola na Garsen hadi Bahari Hindi. Kwa hivyo tone lililoanguka juu ya paa la Kibugu huenda, siku kadhaa baadaye, likawa miongoni mwa maji yanayomfukuza mama mmoja wa Tana River kitandani mwake usiku wa manane.

Wala wa mlimani asijidanganye kwamba yeye yuko salama. Udongo wa mteremko ukishiba maji huporomoka, na hauchagui shamba la nani.

BAADA YA MAJI KUPUNGUA

Masika ya mwaka 2024 yalitufunza kwa uchungu. Kuanzia Machi hadi Mei, mafuriko yaliua watu zaidi ya 290 katika nchi yetu na kuwahamisha wengine zaidi ya laki mbili. Usiku wa kuamkia Aprili 29, kule Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamezuiliwa kwenye tuta la reli karibu na Old Kijabe yalifumua njia na kufagia watu, magari na nyumba. Mjini Nairobi, wakazi wa Mathare walipoteza walichokuwa nacho, na wengi wakabomolewa vibanda vyao vilivyokuwa kandokando ya mto.

Siku za kwanza za msiba kama huo huwa na watu wengi. Viongozi huja, wapiga picha huja, unga na mablanketi huja. Waathiriwa hulala katika madarasa ya shule. Kisha shule hufunguliwa, kamera huondoka, na hapo ndipo safari halisi huanza. Mei 2024 serikali iliahidi shilingi 10,000 kwa kila familia ya Nairobi iliyoondolewa kando ya mito. Hiyo ni pesa, hatukatai. Lakini wewe unayelipa kodi ya nyumba mjini unajua vyema shilingi 10,000 hufika wapi ikiwa unaanza maisha bila hata kijiko.

HESABU YA NDANI

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi tufungue tuingie.

Mashirika ya misaada ya dunia yana mwongozo uitwao Sphere, ulioanzishwa mwaka 1997. Mwongozo huo unasema kila mtu anahitaji angalau mita mraba tatu na nusu za kuishi chini ya paa. Familia ya watu watano, kwa hesabu hiyo, yahitaji mita mraba 17 na nusu. Chumba cha mita sita kwa mita tatu kinatosha kwa kukaza kamba. Si jumba la kifahari, ni kijumba tu, lakini mtu anaweza kuinukia hapo.

Mwongozo huo hauishii kwenye kuta. Unahesabu pia sufuria mbili kubwa zenye mifuniko kwa kila familia, kisu cha jikoni, sahani, kijiko na kikombe kwa kila mtu, mitungi ya maji na malazi. Huenda ukacheka kwamba wataalamu wameketi wakahesabu vijiko. Usicheke. Mtoto asiye na pa kulala pakavu hupata kikohozi. Mama asiye na sufuria hupokea maharagwe ya msaada asiweze kuyapika. Pasipo chandarua, maji yaliyotuama huleta mbu na mbu huleta malaria. Na mwanafunzi asiye na meza wala taa hubaki nyuma ya wenzake muhula baada ya muhula, ilhali mafuriko yalikwisha zamani.

Kwa hivyo nyumba tupu ni nusu ya msaada. Aliyekabidhiwa ufunguo wa nyumba tupu atakopa ili anunue godoro, na deni hilo litamfuata. Lakini akikuta kitanda, meko, meza na jembe nyuma ya mlango, senti ya kwanza atakayopata ataitumia kununua mbegu au kulipa karo.

SOMO LA HANANG NA BUDUDA

Majirani zetu wamepita njia hii. Asubuhi ya Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, kaskazini mwa Tanzania, yakauvamia mji wa Katesh na vijiji vya karibu. Watu zaidi ya 80 walikufa. Rais Samia Suluhu Hassan alikatiza safari yake ya Dubai akarudi nyumbani. Serikali, pamoja na Chama cha Msalaba Mwekundu, ilijenga nyumba zaidi ya 100 katika eneo la Waret, na manusura wakakabidhiwa nyumba hizo Desemba 2024. Mwaka mmoja ni muda mrefu kwa anayengoja, lakini waliozipokea walitoka katika hali ya kuwa wageni wa watu.

Uganda nayo ina kisa kinachopaswa kuwagusa hasa watu wa Kibugu. Wilaya ya Bududa iko kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na wakazi wake ni wakulima wa kahawa kama wale wa Embu. Maporomoko ya Machi 2010 yalifunika kijiji cha Nametsi, na mengine ya Oktoba 2018 yakaua watu zaidi ya 40. Serikali iliwahamisha baadhi ya manusura hadi Kiryandongo, na kuanzia mwaka 2019 wengine wakapewa nyumba mpya Bunambutye, kwenye tambarare. Hata hivyo, wapo waliorudi mlimani, palepale penye hatari.

Je, walikosa akili? La hasha! Jiulize wewe wa Kibugu: ukipewa nyumba nzuri ya matofali mbali na mibuni yako, mbali na kaburi la baba yako na soko unalolijua, utakaa kwa muda gani kabla ya kwenda kutazama kama kahawa imeiva? Nyumba isiyo na shamba, kazi wala maji karibu huishia kuwa mahali pa kulala tu. Pia isipokuwa na hati ya ardhi, mwenyewe hulala jicho moja wazi.

Ndiyo maana anayetaka kusaidia sharti kwanza amuulize atakayesaidiwa. Anataka kujengwa wapi? Atalima nini? Mlango utazame upande gani? Kuulizwa hurudisha heshima ambayo maji yaliichukua.

WEWE UFANYE NINI?

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wakenya tunaijua harambee tangu tupate Uhuru, lakini mara nyingi huwa tunachanga bila mpango, na mathiriwa mmoja akapata mablanketi sita na asipate hata sufuria. Familia tatu au nne za mtaa mmoja, kanisa, msikiti au darasa la shule wanaweza kuchukua nyumba moja na kuijaza: huyu kitanda, yule godoro, wale sufuria na mitungi. Mafundi seremala wa sehemu zenye miti, kama Kibugu, wanaweza kutengeneza meza na viti.

Nawe mwanafunzi, leo Jumapili chukua kalamu na karatasi uzunguke nyumba yenu. Andika kila kitu ambacho familia yako ilitumia tangu asubuhi, kuanzia mswaki hadi kiberiti. Kisha kata vile mnavyoweza kuishi bila navyo. Orodha itakayosalia ndiyo nyumba ya mathiriwa. Iweke mahali ambapo wazazi wataiona, kwa maana masika mengine yako njiani, na maji yanayopita mlangoni pako leo yana mlango mwingine yanakokwenda.