Mjuzi wa Lugha Mbele ya Swali la "Kwa Nini": Kumwandaa Mkufunzi Msaidizi wa Kiswahili

Katika vyuo vikuu vya Marekani, vipindi vya mwanzo vya Kiswahili mara nyingi vimekuwa mikononi mwa vijana. Baadhi yao ni wanafunzi wa shahada za juu wanaofundisha huku wakisoma. Wengine walipelekwa na mpango wa Fulbright wa wakufunzi wasaidizi wa lugha, ambao kwa miaka mingi umewachukua vijana wa Kenya na Tanzania kwa mwaka mmoja wa masomo, yaani takriban miezi 9. Profesa hushika mtaala na mitihani. Mkufunzi msaidizi hukabidhiwa kikundi cha wanafunzi, ubao na kitabu. Tujiulize basi: kijana huyu aandaliwe vipi kabla ya kuingia darasani kwa mara ya kwanza?

Jibu la haraka ni kwamba hahitaji mengi, kwa kuwa Kiswahili anakijua. Jibu hilo ndilo linalomponza. Umilisi wa mzungumzaji asilia ni ujuzi uliojificha: humwezesha kusema sawasawa bila kumwezesha kueleza kwa nini amesema hivyo. Mwanafunzi wa kigeni, hasa mtu mzima, haridhiki na "ndivyo tunavyosema". Akijibiwa hivyo mara tatu katika juma la kwanza, ana haki ya kushuku kwamba lugha hii haina utaratibu.

Chukua mfano wa ngeli. Kijana aliyesoma sekondari Tanzania au Kenya amezoea kuziita ngeli kwa viambishi vya upatanisho katika kitenzi: A-WA, KI-VI, LI-YA, U-I. Vitabu vingi vinavyotumika ng'ambo hufuata umbo la nomino yenyewe (M-WA, KI-VI, JI-MA), au namba zilizotokana na kazi za Bleek na Meinhof. Tofauti hii si ya majina tu. Kwa utaratibu wa kwanza "kiongozi" yumo katika A-WA. Kwa utaratibu wa pili yumo katika KI-VI. Mwanafunzi aliyefungua kitabu chake atauliza: mbona basi tunasema "kiongozi mzuri amefika" na si "kiongozi kizuri kimefika"? Mkufunzi akijibu kwamba kitabu kimekosea, amelivunjia darasa nyenzo yake. Akijibu kwamba neno hili halina kanuni, amesema lisilo kweli, maana kanuni ipo na ni nyepesi: nomino inayotaja binadamu au mnyama, iwe na umbo la ngeli yoyote, huleta upatanisho wa A-WA katika kitenzi na kivumishi.

Kanuni hiyo haifai kutangazwa tu. Iandikwe ubaoni sentensi "kiboko mkubwa amelala mtoni", na chini yake "kiboko kikubwa kimekatika". Umbo la nomino ni lile lile. Kilichobadilika ni kinachotajwa, mnyama katika sentensi ya kwanza na mjeledi katika ya pili. Wanafunzi wataigundua kanuni wenyewe. Kisha mmoja aliye makini ataleta "rafiki yangu mzuri amefika", ambapo kivumishi na kitenzi vimefuata A-WA lakini kimilikishi kimebaki katika ngeli ya N, ilhali tunasema "kiongozi wangu". Hapo mkufunzi awe amekwisha kujua kwamba maneno kama mama, baba, ndugu, dada na rafiki yana desturi hiyo.

Kwa sababu hiyo napendekeza maandalizi yaanze na kitabu kitakachotumika. Nadharia za ujifunzaji lugha zina wakati wake. Mkufunzi mpya afundishe somo la kwanza kwa dakika 20 mbele ya wenzake, nao wapewe kazi moja tu, kuuliza "kwa nini". Kwa nini "amevaa" huweza kumaanisha kwamba nguo iko mwilini sasa hivi, ilhali kitabu kimeeleza -me- kuwa ni tendo lililokwisha? Kwa nini saa moja asubuhi ni saa ambayo simu inaonyesha 7? Swali la pili lina jibu fupi, kwamba hesabu huanzia mapambazuko. La kwanza lataka jioni nzima, na heri jioni hiyo itangulie darasa.

Salamu nazo zina mtego wake. Mkufunzi ana miaka 24 na katika kikundi yumo mwanafunzi wa miaka 50: nani amwambie mwenziwe shikamoo? Cheo chasema hivi, umri wasema vile. Naona mkufunzi ndiye aamkie. Darasa litajifunza zaidi kwa kuona hivyo kuliko kwa maelezo ya ukurasa mzima.

Lililo gumu zaidi ni mwanafunzi ambaye si mgeni wa lugha hii. Mtoto wa familia iliyotoka Lubumbashi huja na Kiswahili cha nyumbani, akasema "batu" na "batoto". Neno "kosa" likimtoka mkufunzi hapo, limewagusa wazazi wa kijana huyo pia. Mkufunzi aandike "watu" na "batu" sambamba, amwombe mwanafunzi aongeze maneno mengine ya kwao katika safu yake, kisha aseme wazi kwamba mtihani wa kozi hii utapima safu ya Kiswahili sanifu.