Simu ikizima, kamusi nene bado inasomeka

Mwaka 2013 kampuni ya Macmillan ya Uingereza iliacha kuchapisha kamusi zake za Kiingereza ikisema mtandao sasa unatosha. Miaka kumi baadaye, tarehe 30 Juni 2023, kamusi hiyo ya mtandaoni nayo ikafungwa. Aliyekuwa akiitegemea simuni akabaki hana. Mwenye nakala ya karatasi, hata ile ya mwaka 2007 iliyong'oka jalada, anayo hadi leo.

Nimekianza na kisa hicho kwa sababu kila tunapozungumzia kamusi kubwa iliyochapishwa, vijana hutucheka. Ya nini kubeba tofali lenye kurasa elfu na zaidi, na jibu liko mfukoni?

Tuitazame Kapedo, kule Turkana Mashariki kwenye mpaka na Baringo, penye chemchemi za maji moto. Watu wengi wameijua kwa habari mbaya tu: mwaka 2014 askari polisi wengi waliuawa kwa kuviziwa karibu na hapo, na mara kwa mara usalama ukiharibika familia huhama na masomo hukatika. Lodwar, makao makuu ya kaunti, iko mbali sana kaskazini. Mwanafunzi aliyekatiwa masomo hana mwalimu wa kumuuliza, na simu, kama ipo nyumbani, inataka chaji, mtandao na bando. Kamusi haidai hata kimoja katika hivyo vitatu. Huko Kakuma nako, kwenye kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, watoto kutoka Sudan Kusini, Somalia na Kongo hukaa darasa moja wakifundishwa kwa Kiingereza, lugha isiyo ya nyumbani kwa karibu wote.

Na mtihani hausamehe. Chukua neno dogo, "table". Mtoto anayelijua kama meza akiambiwa "draw a table" katika hesabu, atachora miguu minne. Kamusi ndogo ya mfukoni humpa ile meza ikaishia hapo. Kamusi nene humpa meza, kisha jedwali, kisha maana nyingine, na chini ya kila moja sentensi ya mfano. "Current" ni mkondo wa bahari, ni mkondo wa umeme, tena ni "ya sasa". Mwanafunzi hujifunza kuchagua maana kwa kutazama sentensi aliyonayo, na huo ndio ufahamu wenyewe.

A. S. Hornby aliliona hilo akifundisha Kiingereza Japani. Kamusi yake, iliyotoka huko mwaka 1942 na kuchapishwa na Oxford mwaka 1948, iliandikwa kwa ajili ya mgeni wa lugha: maelezo mepesi, na namna neno linavyokaa katika sentensi. Ndiyo hiyo Oxford Advanced Learner's tunayoiona hadi leo mashuleni kwetu. Ile kamusi kuu ya Oxford yenyewe, toleo la 1989 lenye majuzuu 20, ni ya maktaba. Hakuna wa kuibeba.

Sisi watu wa Pwani tuna raha ya ziada humo. Kamusi kubwa zinazoeleza asili ya maneno zitakuambia kuwa "monsoon" lilipita kwa Wareno likitoka Kiarabu "mawsim", ambalo ndilo msimu wetu, huo wa kaskazi na kusi. "Zero" na "cipher" ni ndugu wa sifuri. "Tariff", ushuru wa forodhani, linatokana na mzizi mmoja na taarifa. Na "safari" limeingia Kiingereza likitoka kwetu moja kwa moja. Mtoto wa Lamu au Kisauni akiyaona hayo, Kiingereza hakimtishi tena kama jana. Nani aliyesema lugha ile ni ya wageni watupu?

Kasoro zipo. Bei ni kubwa kwa mzazi mwenye watoto watatu shuleni, mchwa hawaogopi karatasi, na maneno mapya ya kompyuta hayamo katika toleo la zamani. Kwa matamshi simu ni bora, maana hukusikilizisha sauti yenyewe. Wala kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza haiondoi haja ya ile ya Kiingereza na Kiswahili, iwe ya TUKI ya mwaka 1996 au ile kongwe ya Johnson ya mwaka 1939.

Lakini darasa zima linaweza kutumia nakala moja kwa miaka. Ukinunua ya mtumba, pitisha kidole uone kurasa za herufi S zimetimia, kwani ndiyo yenye maneno mengi kuliko zote, na hakikisha zile kurasa za mwanzo zinazoeleza alama na vifupisho hazijachanwa. Bila hizo mtoto ataona "n" na "vt" asijue anaambiwa nini.