Klasta 38 na kitu: Tunavyongoja KUCCPS huku Kayole

Saa nane usiku mwanga wa simu bado unapita juu ya pazia. Chumba chetu tumekigawa mara mbili, mimi upande wa mlango, sistangu mdogo upande wa dirisha, na tangu amalize kutuma maombi yake ya chuo sijawahi kulala kabla yake. Najua anachofanya. Anaingia kwenye tovuti ya KUCCPS, anaambiwa lile lile aliloambiwa jioni, anatoka. Dakika kumi hazijaisha amerudi tena.

"Lala bana. Hawawezi kutoa usiku."

"Na wakitoa?"

Sina jibu, maana mwaka wangu nilifanya vivyo hivyo, tena kwa bando za kukopa.

Kama hujapitia hii kitu, acha nikupe picha. KCSE ya 2024 ilifanywa na watahiniwa 962,512. Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, akatangaza matokeo Januari 9, 2025. Waliopata C+ kwenda juu, gredi inayokufungulia mlango wa digrii, walikuwa 246,391. Waliopata A yenyewe walikuwa 1,693 pekee. Sistangu alipata B+ na siku hiyo ploti nzima ilikuja kwetu kunywa soda. Mama alicheka mpaka akalia. Ukidhani presha iliishia hapo, wewe ni mgeni. Kutoka Januari hadi chuo kifunguliwe ni miezi mingi ya kuulizwa na kila mtu, kuanzia mama mboga hadi kondakta, "Umeitwa wapi?" Na hata maombi hujatuma.

Mimi hushinda kwenye saiba, kwa hivyo msimu huu nauona kutoka upande ule mwingine wa kaunta. Vijana huja wawili wawili, mmoja ana matokeo, mwingine amekuja kumshika mkono. Wengine huletwa na mzazi aliyefunga duka kwa saa moja. Swali la kwanza huwa ni lile lile: "Na hii B yake, udaktari itaingia?"

Sasa hapo ndipo wengi huchanganyikiwa, kwa sababu gredi ya jumla pekee haikupeleki mahali. Kila kozi iko kwenye klasta yake, na klasta huangalia masomo manne yanayohusiana na kozi hiyo, kisha inayachanganya na jumla ya pointi zako zote. Juu kabisa ni 48. Watu wawili wanaweza kuwa na B+ ile ile na mmoja awe mbele ya mwingine kwa pointi nne, kisa tu yule mmoja alifanya vizuri Kemia huku mwenzake akiokolewa na Dini na Biashara. Pointi nne ni nyingi mno. Kwenye kozi zinazopiganiwa watu huachwa kwa nukta.

Kitu kingine ambacho hueleza hadi koo likauke ni ile alama ya mwaka uliopita inayoonekana kando ya kozi. Mzazi akiiona anaichukulia kama bei iliyobandikwa dukani. Si bei. Ile ni pointi za mwanafunzi wa mwisho aliyeingia mwaka huo. Mwaka huu wakija wengi wenye alama za juu kuliko zako, inapanda, na hakuna mtu alikudanganya. Mfumo unaanza na mwenye pointi nyingi, unampa anachotaka, unashuka kwa anayefuata, hadi viti viishe.

Na viti vya udaktari huisha haraka. Darasa la biashara unaweza kuongeza viti na maikrofoni mambo yakaendelea. Udaktari hauna hiyo njia. Tangu 1967, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kufunza madaktari, wanafunzi wake husomea Hospitali ya Kenyatta, na huwezi kuwapanga wanafunzi mia tano kando ya kitanda kimoja cha mgonjwa. Ndiyo maana ukisikia kuna mtu mahali fulani "ana konekshen" na anataka elfu hamsini akuingize udaktari, shika mfuko wako utembee. Kuna mama alikuja kwetu mwezi wa nne akiwa ashatuma nusu ya hizo pesa. Nambari ilikuwa imezimwa.

Yangu ilikuwa hivi. Nilifanya KCSE 2018, mwaka ambao nchi nzima ilikuwa na A 315 tu. Nilipata B+, na kichwani mwangu mimi nilikuwa daktari tayari. Wakati huo maombi yalikuwa na 1a, 1b, 1c, halafu 2, 3 na 4. Zile tatu za kwanza niliweka udaktari kwenye vyuo vitatu. Pointi zangu hazikuwa zinafika hata kimoja. Nilijua. Lakini nani angeniambia? Nyumbani walikuwa wananiita "daktari", na ukiitwa hivyo mbele ya wageni unaanza kuamini kwamba hesabu itakuonea huruma.

Zilizobaki sikuzifikiria. Jamaa wa saiba aliniuliza, "Hapa kwa 2, 3 na 4 niweke nini?" Nikamwambia, naapa hivi ndivyo nilivyosema, "Weka tu chochote."

Akaweka chochote. Nikaitwa kusomea usimamizi wa nyanda za malisho katika chuo kimoja mbali sana na Nairobi. Sina ubaya na hiyo kozi. Darasani kulikuwa na kijana kutoka Marsabit ambaye macho yake yaling'aa mwalimu akitaja nyasi, kwa sababu nyasi ndizo zilizomlipia karo. Yeye alikuwa amechagua. Mimi nilikuwa nimetupwa pale, tena na mkono wangu mwenyewe. Kulikuwa na nafasi ya kuomba uhamisho wa kozi ama wa chuo, lakini kuhama kunataka uwe umefikisha pointi za kule unakoenda, na nilikotaka kwenda mimi sikuwa nimefikisha. Machi 2020 korona ikafunga vyuo. Nikabeba begi nikarudi Kayole kwa wiki mbili. Hadi leo.

Mama hakuwahi kunipigia kelele. Aliacha tu kuniita daktari. Siku moja nilitambua ni wiki kadhaa hajasema hilo jina, na sikukumbuka ilikuwa lini mara ya mwisho.

Kwa hivyo unaelewa kwa nini sistangu alipokuja saiba na elfu moja mia tano zake za kulipia maombi nilihisi tumbo likigeuka. Yeye anataka uuguzi. Si udaktari, uuguzi, na anataka kwelikweli, tangu alipomuuguza nyanya yetu Form Three akajua kubadilisha bandeji kuliko sisi wote. Shida ni kwamba siku hizi uuguzi umekuwa kama mechi ya debi. Kila mzazi amesikia kuna jirani ambaye binti yake ni nesi Uingereza ama Marekani na amejenga. Klasta yake ilisoma 38 na kitu. Nikafungua alama za mwaka jana. Vyuo viwili alivyovipenda vilikuwa juu yake. Kimoja kilikuwa chini yake kidogo tu.

Yeye akataka kujaza uuguzi kila mahali, juu hadi chini. Nikakataa. Nikamwambia aweke utabibu, afya ya umma, lishe, vitu ambavyo vikimwangukia anaweza kuamka asubuhi aende darasani.

"Bro, unanijazia uoga wako."

Watu walikuwa kwenye foleni nyuma yetu. Mmoja akakohoa.

"Ni uoga, ndiyo," nikamwambia. "Lakini hii ya tano, ukiitwa huko, utaenda?"

Alinyamaza kama dakika nzima. Akaitoa ile ya tano, akaweka nyingine. Tukafanya hivyo kwa kila mstari, moja baada ya nyingine, nikimuuliza swali hilo hilo. Ilituchukua karibu saa mbili, na mwenye saiba akanikata hizo saa kwenye malipo ya siku. Nilimwachia chaguo la kwanza lile analolipenda, hata kama liko juu ya pointi zake. Sikuwa na moyo wa kulifuta. Huenda nimekosea. Huenda hiyo nafasi ingefanya kazi zaidi mahali pengine, na kila usiku nikiona ile taa juu ya pazia nafikiria hilo.

Kinachofuata akiitwa ni karo, na hiyo nayo ni hadithi nyingine ya kuumiza kichwa. Tangu 2023 mambo ya ufadhili na mkopo yanategemea mfumo utakavyosoma uwezo wa familia yenu, na kozi za afya si za bei ya mchicha. Mama amesema hilo tusimletee sasa. "Baba, tuvuke mto mmoja kwanza," aliniambia akisonga ugali.

Bado wanakuja saibani, kila siku. Jana alikuwa kijana mrefu, sare ya shule bado anaivaa kama shati la kawaida. Tulifika chaguo la nne akaangalia saa ya simu, akasema, "Hapo weka tu yoyote, buda." Nikaondoa mikono kwenye kibodi. Nikamwambia aende akanywe chai, arudi akiwa na jina la kozi. Alinitukana kidogo. Alirudi saa kumi na moja na karatasi imeandikwa.

Mama naye Jumamosi alitoka Gikomba na godoro dogo jembamba, la kukunjwa, lile la hosteli. Limesimama nyuma ya mlango, upande wangu wa pazia, bado liko ndani ya nailoni. Hakuna mtu amemuuliza linaenda wapi.