Nyukleoli, Ribosomu na Uvimbe wa Taya Kanda ya Ziwa

Limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto ambayo katika Kanda ya Ziwa hujitokeza mara nyingi kwa uvimbe wa taya na kulegea kwa meno, ina alama ambayo mtaalamu wa maabara anaweza kuiona kwa hadubini ya kawaida. Majimaji yaliyovutwa kwenye uvimbe kwa sindano nyembamba yakipakwa kwenye slaidi na kutiwa rangi ya Giemsa, ile ile inayotumiwa kutafutia vimelea vya malaria, seli za saratani hiyo huonekana zikiwa na saitoplazimu, yaani ute unaokizunguka kiini, yenye buluu iliyokolea na iliyotobokatoboka kwa vijishimo vyeupe vya mafuta, huku ndani ya kiini yakionekana madoa mawili hadi matano. Madoa hayo na buluu hiyo ni mwanzo na mwisho wa kazi moja, nayo ni kazi ya kutengeneza ribosomu.

Ribosomu ni mtambo mdogo unaosoma maagizo ya jeni na kuunda protini kwa kuyafuata. Kwa kuwa umefumwa kwa nyuzi nne za RNA pamoja na protini zipatazo 80, na kwa kuwa RNA ni asidi inayoinasa rangi ya buluu, seli iliyojaa ribosomu haina budi kuonekana ya buluu. Nyuzi tatu kati ya hizo nne huanzia ndani ya doa liitwalo nyukleoli, ambalo halina utando wa kulitenga na kiini kinacholizunguka, bali hushikamana kama tone la mafuta linaloelea juu ya mchuzi wa sato: likigusana na jingine huungana nalo, na seli inapogawanyika hutoweka, kisha huundwa upya katika kila seli changa.

Tabaka la nje la tone hilo limejaa protini iitwayo nyukliofosmini, ambayo watafiti wa Houston, Marekani, waliipa jina la B23 mwaka 1973 walipozitenganisha protini za nyukleoli kwa umeme. Molekuli moja ina asidi amino 294 tu, lakini tano hukaa pamoja kwa duara, na mikia yao mirefu isiyo na umbo maalumu huzishika RNA na protini nyingine zinazoingia ili zisigandane ovyo kabla ya kukutana na sehemu zilizokusudiwa. Anayewatazama mafundi wa nyavu kwenye mialo ya Mwanza ataona kazi ya namna hiyo, pale mmoja anaposhona na mwenzake akaushika uzi usijifunge mafundo. Vipande vya ribosomu vikiwa tayari, nyukliofosmini huvisaidia kutoka ndani ya kiini kwenda kwenye saitoplazimu, kisha hurudi kuendelea na kazi yake.

Katika seli yenye afya, kasi ya kazi hii hupanda na kushuka kulingana na mahitaji, na mmoja wa waamrishaji wake wakuu ni protini MYC, ambayo huchochea kwa pamoja kunakiliwa kwa RNA ya ribosomu, kuundwa kwa protini za ribosomu na kuongezeka kwa nyukliofosmini yenyewe. Katika limfoma ya Burkitt kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni ya MYC hukatika na, mara nyingi, kuhamia kwenye kromosomu ya 14, jirani na jeni za kingamwili. Jeni hizo katika seli B, ambazo ni chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili, hukaa zimewashwa, na MYC iliyohamia ujirani huo nayo haizimwi tena. Nyukliofosmini, kwa hiyo, haikuuanzisha ugonjwa huu. Inatumikishwa na amri iliyopotoka.

Kwa nini mkosi huo uwaangukie zaidi watoto wa ukanda huu? Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago jijini Kampala aliyeueleza ugonjwa huo mwaka 1958, alisafiri na wenzake wawili mwaka 1961 kwa gari kiasi cha kilomita 16,000 kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, akibaini kwamba uvimbe ule hufuata nchi za joto na mvua na huwa haba kwenye nyanda za juu. Ziwa Victoria, ambalo uso wake uko mita zipatazo 1,134 juu ya bahari, limo ndani ya mipaka ya mbu waenezao malaria. Malaria ya mara kwa mara huzilazimisha seli B kugawanyika na kuzikata jeni zao za kingamwili ili kuziboresha, na hapo ndipo makosa ya kuunganisha hutokea. Nacho kirusi cha Epstein-Barr, kilichogunduliwa mwaka 1964 katika seli za uvimbe zilizopelekwa London kutoka Uganda, huzisaidia seli zilizoharibika zisife.

Seli zenye ribosomu nyingi kiasi hicho zinaweza kuongezeka maradufu kwa saa 24 hadi 48. Mtoto anayeng'olewa jino lililolegea kisiwani Ukerewe, kisha akasubiri wiki tatu kabla ya kuvuka kwenda Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, hufika na ugonjwa tofauti kabisa na ule aliokuwa nao mwanzo, na kuchelewa huko kunauma zaidi kwa sababu saratani hii inatibika. Kasi ile ile huifanya iwe dhaifu mbele ya dawa kama siklofosfamidi, ambazo huzishambulia seli zinazogawanyika, na taya laweza kunywea ndani ya siku chache.

Lakini seli zikifa kwa wingi hivyo humwaga yaliyomo, na DNA yao pamoja na RNA, ambayo takriban 80% ni ya ribosomu, huvunjwavunjwa kuwa asidi ya mkojo inayoweza kuganda na kuziba figo. Ndiyo maana, kabla ya dozi ya kwanza, mtoto hutundikiwa dripu ya maji mengi na kupewa alopurinoli ya kuzuia asidi hiyo isiundwe, na muuguzi hupima kila mkojo anaoutoa mtoto huyo.