Kuzimua Mimumunyo: "Kwa" Si "Katika"

Iwapo fundi wa maabara huko Kiboriloni, kando ya mji wa Moshi, ataagizwa kuzimua dawa "sehemu 1 kwa 7", na mwenzake "sehemu 1 katika 7", je, watapata kitu kimoja? La. Tofauti hiyo ni ya lugha kabla ya kuwa ya hesabu, na mfasiri hana budi kuijua.

Mmumunyo ni kimiminika chenye kitu kilichomumunyika ndani yake, mathalani chumvi katika maji. Ukolevu ni kiasi cha kitu hicho katika ujazo fulani wa mmumunyo. Kuzimua ni kuongeza maji, au kimumunyishi kingine, ili ukolevu upungue. Neno hili halikubuniwa ofisini: tangu zamani watu huzimua maji ya moto kwa kutia ya baridi. Kwamba walevi nao hulitumia kwa pombe ya asubuhi si hoja ya kulikataa, kwani muktadha hutenga maana.

Katika kuzimua, kiasi cha kitu kilichomumunyika hakibadiliki. Kwa hiyo ukolevu wa awali mara ujazo wa awali ni sawa na ukolevu wa mwisho mara ujazo wa mwisho. Tuseme zahanati ina dawa ya klorini ya asilimia 3.5, nayo yahitaji lita 7 za asilimia 0.5. Hesabu ni 0.5 × 7 ÷ 3.5 = 1. Basi itapimwa lita 1 ya dawa na lita 6 za maji. Hiyo ndiyo "1 katika 7", yaani "1 kwa 6". Anayetia lita 7 za maji hupata lita 8 za asilimia 0.44 hivi: dawa hafifu kuliko ilivyokusudiwa.

Mkulima wa kahawa wa mitelemko ya Kilimanjaro, apuliziaye dawa ya shaba kuzuia chulebuni, yumo katika hatari hiyo hiyo. Ikiwa hafifu, ugonjwa hauzuiliki. Ikiwa kali mno, huunguza majani.

Yafaa basi "katika" itaje jumla, na "kwa" itaje sehemu zinazochanganywa, tena yaandikwe wazi maneno "za maji". Mpangilio wa maneno nao uchungwe: asidi kali hutiwa katika maji, maji hayatiwi katika asidi, kwani huchemka ghafla na kumrukia mtu. Hapo kosa la mfasiri huonekana usoni mwa mwanafunzi.